MDOMO SI KIFAA CHA MAABARA

Mgonjwa anapofika hospitali na kutolewa damu, kwa kawaida hukaa kwenye benchi akisubiri majibu. Kinachofanyika nyuma ya mlango wa maabara hakioni. Hata hivyo ni huko ndani ambako huamuliwa kama atapewa dawa ya malaria au la, kama anahitaji kuongezewa damu, au kama kikohozi chake ni cha kifua kikuu. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu tutaingia nyuma ya mlango huo ili tuzungumze juu ya kifaa kimoja kidogo kiitwacho pipeti. Kifaa hiki kikitumiwa vibaya kinaweza kumletea mgonjwa jibu la uongo. Kikitumiwa kwa mdomo kinaweza kumletea mpimaji ugonjwa, sumu, au hata kifo.

Huenda ukasema, "Mimi si mtaalamu wa maabara, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu ikiwa una mtoto anayesoma kemia sekondari, ikiwa una ndugu anayefanya kazi katika maabara ya kupima dhahabu, na ikiwa wewe mwenyewe umewahi kutolewa damu. Basi tusome pamoja.

PIPETI NI NINI?

Pipeti ni mrija mwembamba wa kuchukulia kiasi kidogo cha kimiminika kutoka chombo kimoja na kukitia katika chombo kingine kwa kipimo kinachojulikana. Ukiwa unakunywa soda kwa mrija, ukaziba tundu la juu kwa kidole, soda hubaki ndani ya mrija. Ukiachia kidole, inashuka. Pipeti ya kioo hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Ziko aina tatu ambazo hutumika sana kwetu:

(a) Pipeti za kioo. Nyingine zina tumbo katikati na alama moja tu juu, kama zile za mililita 20 au 25 zinazotumika shuleni. Nyingine zina mistari mingi kama rula.

(b) Pipeti za kubonyeza. Hizi hushikwa kwa mkono mmoja na kubonyezwa kwa kidole gumba, nazo huvishwa ncha ya plastiki inayotupwa baada ya kutumika. Hupima maikrolita. Maikrolita 1,000 ni sawa na mililita 1, na tone moja la maji ni kama maikrolita 50.

(c) Pipeti ndogo za plastiki zinazokuja ndani ya pakiti za vipimo vya haraka, kama kile cha malaria. Hizi hutumika hata katika zahanati za vijijini.

TABIA YA KUNYONYA KWA MDOMO

Kwa miaka mingi, duniani kote, watu walijaza pipeti kwa kunyonya kwa mdomo. Ni kama dereva aliyeishiwa mafuta anavyoingiza mpira ndani ya tangi la gari jingine na kunyonya petroli. Kila aliyewahi kufanya hivyo anajua kwamba siku moja mafuta huja kwa kasi kuliko alivyotazamia, na hujikuta yamo kinywani. Katika maabara kinachoingia kinywani chaweza kuwa damu ya mgonjwa, asidi au vijidudu.

Hayo si mambo ya kutishana bure. Mwaka 1893 daktari mmoja alinyonya kwa bahati mbaya vijidudu vya homa ya matumbo vilivyokuwa vimeoteshwa maabarani, na tukio lake ndilo linalotajwa kuwa la kwanza kuandikwa la maambukizi ya namna hiyo. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Robert Pike, alitoa hesabu ya watu 3,921 walioambukizwa magonjwa katika kazi za maabara sehemu mbalimbali za dunia. Kati ya maambukizi yaliyojulikana wazi kuwa yalitokana na ajali, karibu 13 katika kila 100 yalitokana na kunyonya pipeti kwa mdomo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa usalama wa maabara mwaka 1983. Tangu hapo msimamo umekuwa mmoja: kunyonya pipeti kwa mdomo ni marufuku. Haijalishi kama kimiminika ni damu, asidi, au maji matupu. Kwa nini hata maji? Kwa sababu mkono na mdomo vikishazoea, havitachagua. Aliyezoea kunyonya maji Jumatatu atanyonya asidi Jumanne.

Wengine hujitetea kwamba wao ni wazoefu na kimiminika hakijawahi kuwafika mdomoni. Lakini hatari haiko katika kumeza tu. Mpimaji ameshika pipeti kwa vidole vilivyogusa chupa za damu, na ncha ya juu ya pipeti hiyo ndiyo anayoitia kinywani. Tena asidi kali na amonia hutoa mvuke ambao huvutwa hadi mapafuni kabla kimiminika hakijapanda. Kipande cha pamba wanachokiweka wengine juu ya pipeti hakizuii mvuke, na kikishalowa hakizuii kimiminika pia. Na tusisahau upande wa pili: mate ya mpimaji yanaweza kushuka na kuharibu kile kinachopimwa.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU WATU WA KALANGALALA

Kata ya Kalangalala imo ndani ya mji wa Geita, mji unaoishi kwa dhahabu. Hapa kwetu pipeti hutumika katika nyumba za aina tatu, na kila moja ina hatari yake.

Nyumba ya kwanza ni maabara za hospitali na zahanati. Humo huletwa damu, mkojo, choo na makohozi. Damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Makohozi ni jambo kubwa katika eneo la machimbo, kwa kuwa vumbi la mawe huharibu mapafu ya wachimbaji na kuwafanya washikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine.

Nyumba ya pili ni maabara za kupima dhahabu. Mawe husagwa, kisha dhahabu huyeyushwa ili kiasi chake kijulikane. Kimiminika kinachoweza kuyeyusha dhahabu hakiwezi kuuhurumia ulimi. Mchanganyiko uitwao maji ya mfalme, yaani sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki na sehemu moja ya asidi ya nitriki, huunguza mwili na hutoa mvuke wa sumu. Kuna pia sayanaidi, ambayo wenyeji wa Geita wanaifahamu kwa kuwa hutumika katika mitambo ya kuchenjua dhahabu. Kiasi kidogo sana cha sayanaidi huua mtu kwa muda mfupi. Wengi hawajui kwamba hata dawa ya Drabkin, ambayo imetumika kwa miaka mingi hospitalini kupima wingi wa damu, ina sayanaidi ndani yake. Dawa hiyo haipaswi kunyonywa kwa mdomo, wala kuchanganywa na asidi, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu.

Nyumba ya tatu ni maabara za shule za sekondari. Katika mitihani ya vitendo ya kemia, mwanafunzi hupima asidi kwa alkali kwa kutumia pipeti na bureti. Shule nyingi hazina vipira vya kutosha vya kunyonyea, na vijana hufundishana kutumia mdomo. Sodiamu haidroksaidi huchubua ngozi laini ya kinywa na koo. Ubaya zaidi ni kwamba kijana huyu atakapoajiriwa hospitalini au mgodini atakwenda na tabia aliyoipata shuleni.

NINI KITUMIKE BADALA YA MDOMO

1. Kipira chenye vali tatu. Kipira hiki kina herufi A, S na E. Kwanza bonyeza A huku ukikamua kipira ili hewa itoke. Kisha kivishe juu ya pipeti. Ukibonyeza S kimiminika kinapanda, na ukibonyeza E kinashuka. Usiache kimiminika kiingie ndani ya kipira. Kikiingia, kioshe na kukikausha kabla ya kuendelea.

2. Bomba la sindano. Mahali ambapo vipira hivyo havipatikani, chukua bomba la sindano jipya, ondoa sindano, kisha unganisha kipande kifupi cha mpira laini unaokaza vizuri juu ya pipeti. Bomba liwe kubwa kuliko pipeti yenyewe. Pipeti ya mililita 25 yahitaji bomba la mililita 50. Vuta taratibu hadi kimiminika kipite alama, chomoa mpira, na upesi ziba tundu la juu kwa kidole cha shahada. Kifaa hiki ni cha bei nafuu, na mwalimu anaweza kukitengeneza kwa dakika chache.

Angalizo: unapovisha kipira au mpira, shika pipeti karibu kabisa na ncha ya juu, lowesha kidogo kwa maji, na uizungushe polepole. Anayeshika katikati na kusukuma kwa nguvu huivunja, na kioo humchoma kiganjani.

JINSI YA KUPIMA SAWASAWA KWA PIPETI YA KIOO

Usalama peke yake hautoshi. Kipimo kisipokuwa sahihi kazi yote ni bure. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika maabara hata makosa hujaa kibaba kwa njia hiyo. Fuata hatua hizi:

1. Kagua pipeti. Iliyomeguka ncha itupwe, kwa maana hukata watu na hupima uongo.

2. Ioshe kwa maji safi, kisha isuuze mara mbili kwa kiasi kidogo cha kimiminika kile unachotaka kupima. Chupa ya kupokelea isuuzwe kwa maji safi tu.

3. Zamisha ncha vya kutosha na uvute hadi kimiminika kipite alama kidogo. Ncha ikitoka nje ya kimiminika wakati unavuta, hewa itaingia na kimiminika kitaruka juu ghafla.

4. Futa pipeti kwa nje kwa karatasi laini au shashi.

5. Simamisha pipeti wima, alama iwe sawa na jicho lako. Kimiminika ndani ya mrija mwembamba hujibonyeza kama bakuli. Shusha polepole mpaka chini ya bakuli hilo paguse alama. Anayetazama kutoka juu au chini husoma kipimo kisicho cha kweli.

6. Gusisha ncha kwenye ukuta wa chombo na uache kimiminika kishuke chenyewe. Subiri kidogo. Tone linalobaki katika ncha ya pipeti yenye tumbo usilipulize, kwa kuwa waliotengeneza pipeti hiyo wamekwisha kulihesabu. Tone moja ni kama mililita 0.05. Ziko pipeti za mistari mingi zenye pete juu kuonyesha kwamba tone la mwisho litolewe. Hizo ndizo zinazopulizwa, kwa kipira na si kwa mdomo.

Tuchukue mfano wa hospitali. Ili kuhesabu chembe nyeupe za damu kwa darubini, mpimaji huchukua mililita 0.02 za damu na kuzichanganya na mililita 0.38 za dawa. Damu imepunguzwa makali mara 20. Sasa tuseme damu imepita alama, au nje ya pipeti haikufutwa, na imeingia mililita 0.03. Mgonjwa mwenye chembe 8,000 ataandikiwa kiasi cha 11,700. Mganga akiona karatasi hiyo atadhani mwili unapambana na maambukizi makubwa, naye atatoa dawa isiyohitajika. Kosa lote ni la sehemu moja ya mia ya mililita.

Kumbuka pia kwamba pipeti ndogo ya damu ya mililita 0.02 ni tofauti na ile yenye tumbo. Hii imepimwa kwa kile inachobeba. Kwa hiyo baada ya kuitoa damu, isuuze mara tatu ndani ya dawa hiyo hiyo ili damu iliyoshika ukutani iingie yote.

PIPETI YA KUBONYEZA

Mwaka 1957 daktari Mjerumani Heinrich Schnitger, akiwa mjini Marburg, alibuni pipeti yenye springi inayovuta kimiminika kwa kubonyezwa na kidole gumba. Leo pipeti za jinsi hiyo zimeenea katika maabara nyingi. Zimeondoa mdomo katika kazi, lakini nazo zina kanuni zake.

– Vaa ncha mpya kwa kila mgonjwa. Ncha moja kwa wagonjwa wawili huchanganya damu za watu wawili, na majibu yao pia.

– Kitufe kina vituo viwili. Bonyeza hadi kituo cha kwanza ukiwa bado nje ya kimiminika, zamisha ncha milimita chache tu, kisha achia taratibu. Wakati wa kutoa, bonyeza hadi kituo cha kwanza, halafu malizia hadi cha pili. Anayevuta kutoka kituo cha pili huchukua kimiminika kupita kiasi, na kosa hili ni la kila siku kwa wanaojifunza.

– Usiachie kitufe ghafla. Kimiminika huruka na kuingia ndani ya mashine.

– Usilaze pipeti yenye kimiminika katika ncha. Itundike wima.

– Usizungushe namba kupita kiwango kilichoandikwa kwenye pipeti.

Pipeti hizi huchakaa na kuanza kupima uongo bila kuonyesha dalili. Namna ya kuzikagua ni rahisi: mililita 1 ya maji ina uzito wa karibu gramu 1. Ukipima mililita 1 mara kumi ndani ya chombo kilichokwisha kupimwa, maji yote yawe karibu gramu 10. Yakiwa gramu 9 au 11, pipeti hiyo ipelekwe kwa fundi. Geita ni mji wa mizani nzuri. Mnunuzi wa dhahabu hakubali mizani inayokosea hata sehemu ndogo ya gramu. Damu ya mtu haistahili uangalifu mdogo kuliko huo.

PIPETI NDOGO ZA PLASTIKI

Usizidharau kwa kuwa ni za kutupwa. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji kama maikrolita 5 za damu. Damu ikizidi, karatasi yote huwa nyekundu na mstari hauonekani vizuri. Ikipungua, mstari waweza usitokee, na mtoto mwenye malaria akarudishwa nyumbani bila dawa. Weka damu katika tundu lake na matone ya dawa katika tundu lake, kwa idadi iliyoandikwa katika pakiti.

Katika kupima makohozi kwa mashine ya jini, pipeti ya plastiki yenye alama ya mililita 2 huhamisha makohozi yaliyokwisha kutiwa dawa. Jaza hadi alama na uyashushe polepole. Usitoe mapovu, kwa sababu povu likipasuka hurusha vitone visivyoonekana, na vitone hivyo huweza kubeba kifua kikuu hewani.

BAADA YA KAZI

Pipeti za kioo zilizogusa damu zitumbukizwe mara moja katika chombo kirefu chenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, zikae zimezama kabisa kwa angalau nusu saa kabla ya kuoshwa. Ukiwa na JIK yenye klorini asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha JIK na vipimo sita vya maji, na utengeneze mpya kila siku. Lakini chochote chenye asidi au sayanaidi kisitiwe humo, kwa kuwa klorini hugeuka hewa ya sumu. Ncha na pipeti za plastiki zitupwe katika chombo cha taka za hatari, si katika jalala ambako watoto wataziokota na kuzichezea.

AJALI IKITOKEA

1. Kimiminika kikiingia kinywani, tema mara moja na usukutue kwa maji mengi, tena na tena. Usijilazimishe kutapika, hasa kama ni asidi au alkali, kwa sababu itaunguza koo mara ya pili.

2. Kikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15.

3. Ikiwa ni damu, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia UKIMWI baada ya ajali zinafaa zikianzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Humezwa kwa siku 28. Anayeona haya na kunyamaza hupoteza nafasi hiyo. Ulizia pia chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo ni vizuri mfanyakazi awe ameipata kabla hajaanza kazi.

4. Ikiwa ni kemikali, mpeleke mgonjwa hospitali pamoja na jina la kemikali hiyo au karatasi ya chupa yake. Ikiwa ni sayanaidi, usisubiri dalili hata dakika moja, wala usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, usije nawe ukapata sumu.

WAJIBU WETU

Mpimaji ana wajibu wa kukataa kutumia mdomo, hata kama kazi ni nyingi na foleni ni ndefu. Mwajiri naye ana wajibu wa kumpa vifaa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na kipira cha pipeti ni sehemu ya ulinzi huo kama ilivyo kofia ngumu kwa mchimbaji.

Mzazi, mwulize mwanao anayesoma kemia: "Mnavuta kwa kitu gani?" Akijibu kwamba wanavuta kwa mdomo, lipeleke jambo hilo katika kikao cha wazazi. Kwa kamati ya shule, kununua vipira kumi au mabomba ya sindano kumi si mzigo wa kushindwa. Na wewe mwalimu, usimpe alama kijana aliyenyonya kwa mdomo, hata kama hesabu yake imetoka sawa.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Mchimbaji hashuki shimoni bila kamba. Vivyo hivyo, asiwepo mtu wa kupima damu yetu, mawe yetu, au mtihani wake bila kifaa cha kuvutia pipeti. Mdomo tuuachie kazi yake ya kula, kusema na kuimba.